Saa Isiyokosea Hata Sekunde

Mimi ni mtu wa hasira, na siombi radhi kwa hilo. Nafundisha Jiografia katika shule ya sekondari hapa Mpanda, na wanafunzi wangu wakiniona nimevua miwani nikaiweka mezani, wanajua kinachofuata. Kwa hiyo ukisoma haya ukaona nafoka, usitafute sababu mbali. Nafoka kweli. Yaliyompata wifi yangu yalinipata na mimi, na mpaka leo nikipita mbele ya ile hospitali nasonya peke yangu barabarani, watu wananigeukia.

Wifi yangu ni mke wa kaka yangu, na kazi yake ni unesi. Kwao ni Mwese, kule milimani, na siku kaka alipomleta nyumbani nilimtania kwamba tumeoa miguu ya kupandia milima, tungoje kuona kama ina mikono ya kupikia. Alicheka tu. Watu wanasema wifi na wifi hawapikiki chungu kimoja. Sisi tulishindwa kugombana, na kosa si langu, mimi nilijaribu sana. Ukimchokoza anakutazama, anakuuliza kama umekula. Utagombana vipi na mtu wa namna hiyo?

Alikuwa anafanya kazi katika hospitali moja ya binafsi hapa mjini, yenye makao makuu Dar es Salaam. Makao makuu hayo yakaingia mkataba na kampuni inayouza saa. Sisemi saa ya mkononi. Hawa wanauza majira yenyewe. Wanakuja na boksi, wanafunga antena juu ya bati, halafu wanakwambia kwamba saa zote za jengo, ya ukutani, ya kompyuta na ya mashine ya mlangoni ya kubonyeza kidole, sasa zitafuata saa mama moja inayotoka kwenye setilaiti. Na kila mwezi unaendelea kuwalipa.

Wazo lenyewe si baya, nisiwe mtu wa kukataa kila kitu. Hospitalini dawa ina saa yake, dripu ina saa yake, mtoto akizaliwa ana saa yake, na kabla ya hapo kila saa ya ukutani pale ilikuwa na lake. Ya maabara ilikuwa mbele, ya wodi ya wazazi ilikuwa imelala kabisa. Basi wakaja mafundi, wakafunga vyao, na pale mapokezi wakabandika bango kubwa la buluu: "Saa isiyokosea hata sekunde." Wifi alinisimulia tukiwa tunamenya viazi, nikamwambia mtu anayejisifu kabla hujamuuliza, mwangalie mara mbili. Nilikuwa nasema tu, sikujua chochote.

Haukupita muda mrefu tangu bango hilo libandikwe. Mzee mmoja mfugaji, Msukuma wa Sibwesa, akaletwa na mwanawe mkubwa, kifua kimembana. Akalazwa chumba cha peke yake. Mwanawe akaambiwa akalale kwenye banda la nje la ndugu wa wagonjwa, maana hospitali ile hairuhusu ndugu kulala wodini. Wifi ndiye alikuwa zamu ya usiku. Karibu na alfajiri yule mzee akafariki. Wifi akampigia daktari mfawidhi, daktari akaja, akathibitisha, mwana akaitwa, vilio vikaanza. Asubuhi wifi akakabidhi wodi kwa mwenzake, akabonyeza kidole mlangoni, akarudi nyumbani akalala.

Msiba ulipotulia kidogo, yule kijana mkubwa wa mzee akarudi hospitalini kuuliza. Aliuliza swali la haki kabisa: kwa nini hakuamshwa baba yake alipozidiwa? Daktari akalipeleka swali makao makuu. Makao makuu hawakumuuliza nesi. Walifungua kompyuta yao kule Dar, wakatafuta jina la wifi, wakakuta ametoka kazini 01:10. Saa saba na dakika kumi usiku. Mgonjwa amekufa alfajiri, nesi ameondoka usiku wa manane. Wakamaliza uchunguzi hapo hapo, na kabla hata ya kumwambia wifi, wakamjibu yule kijana kwamba kwa masikitiko wamegundua nesi aliacha wodi.

Wifi alikuja kwangu mchana, siku ya kazi, bado yuko na sare nyeupe. Nilijua kuna jambo, kwa sababu yeye hatembei mjini na sare. Akakaa kwenye mkeka, akasema, "Wifi, wamenisimamisha kazi. Wanasema nilimuacha yule mzee afe peke yake."

"Ulimuacha?"

Akanitazama. Nikajuta kuuliza.

"Nilikaa naye mpaka mwisho," akasema. "Nilikuwa nimemshika mkono."

Jamani, kuna kazi ambazo mtu akizipoteza anatafuta nyingine. Hii haikuwa hivyo. Nesi aliyeambiwa ameacha mgonjwa akafa, hata akienda kuuza nyanya watu hawatanunua kwake. Na Mpanda ni mji mdogo. Kabla jua halijazama habari ilikuwa imefika soko la Buzogwe, imepita kwa mafundi cherehani, imeingia kanisani. Kuna mama mmoja wa kwaya yetu akaniambia kwa sauti ya huruma ya uongo, "Lisemwalo lipo, mwalimu, kama halipo laja." Nikamwambia basi na wewe lako linakuja, lisubiri. Hatujasalimiana tena.

Lakini kilichomkata wifi maini ni yule mwana wa marehemu. Alimkuta sokoni, akasimama mbele yake katikati ya watu, kijana mrefu na fimbo yake mkononi, hakumpiga wala hakumtukana. Alisema tu, "Wewe ndiye uliyemuacha baba yangu afe kama mbwa asiye na mwenyewe." Wifi akafungua mdomo amjibu, yule akageuka akaondoka. Kuanzia siku hiyo wifi akawa halali. Kaka anamkuta jikoni gizani, amekaa. Hakuwa analilia kazi. Kila siku alikuwa anarudia lile lile: "Yule kijana anaamini baba yake alikufa peke yake."

Alijaribu kujitetea, msidhani alikaa kimya. Akasema mwulizeni mlinzi wa getini. Mlinzi akasema nesi hakutoka usiku. Makao makuu wakajibu mlinzi alikuwa amelala. Akasema mwulizeni daktari, alinikuta wodini. Daktari akasema ni kweli alimkuta, ila yaliyotokea kabla ya yeye kufika hawezi kuyasemea. Makao makuu wakasema basi alitoka saa saba usiku, akarudi alfajiri kwa mlango wa nyuma. Nesi aliyepokea zamu naye akaambiwa mnalindana. Na kila jibu lao lilimalizikia na sentensi ile ile, kwamba binadamu hudanganya, mashine haidanganyi. Khaa! Mashine yenyewe nani kaitengeneza, malaika?

Mwishowe wakaitisha kikao. Wakasema anaweza kuja na mtu mmoja wa kumsindikiza. Nadhani walitegemea kaka yangu, ambaye ni mtu mpole, angekaa kona akisema "ndiyo, mheshimiwa." Nikavaa kitenge changu cha msibani, nikaenda mimi.

Tulikuwa watano mezani. Daktari mfawidhi, ambaye alifika mwisho akihema, ametoka moja kwa moja nyumbani. Bwana wa makao makuu, aliyeshuka na ndege siku moja kabla, amefungua kompyuta yake mbele yake. Bwana wa saa, yaani mwakilishi wa ile kampuni, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Na sisi wawili. Wifi alikuwa amekunja mikono mapajani, anaiangalia.

Bwana wa saa ndiye alipewa nafasi ya kwanza. Mtu anaongea huyo! Akatueleza habari za setilaiti, habari za saa za atomiki zinazoweza kukaa miaka na miaka bila kupotea, akatoa cheti chenye mhuri wa dhahabu. Akasema mtambo wao wa Mpanda umekaguliwa baada ya tukio, na tofauti yake na saa halisi ni chini ya sekunde moja. Bwana wa makao makuu akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamgeukia wifi, akasema, "Unaona, dada? Hapa hatubahatishi."

Nikavua miwani nikaiweka mezani. Wifi akanivuta kitenge chini ya meza. Nikajifanya sijasikia.

"Samahani, baba," nikamwambia bwana wa saa. "Mimi ni mwalimu, nina maswali ya kitoto. Hicho cheti kimetolewa na nani?"

"Na sisi, mama."

"Nyie wenyewe?"

"Idara yetu ya ubora."

"Na mkaguzi mwingine, wa nje, asiyekula kwenu?"

"Kuna kampuni mshirika wetu ya nje ya nchi, wao ndio wanatuthibitisha."

"Mshirika maana yake mnauza pamoja?"

Akatabasamu. "Mama, hii ni teknolojia."

Nikamwambia najua ni teknolojia, sijasema ni ugali. Nikamuuliza umeme ukikatika au setilaiti isiposhikwa, boksi lao linafanya nini. Akasema linajishikilia lenyewe. Nikamuuliza kwa muda gani kabla halijaanza kupotea, akasema inategemea. Inategemea nini? Mazingira. Sasa mimi nimesahihisha mitihani maisha yangu yote, na mwanafunzi akiandika "inategemea mazingira" najua hajafungua daftari. Nikamuuliza huo ukaguzi waliofanya, kuna mtu alifika Mpanda akasimama mbele ya mashine? Akasema hapana, hufanyika kwa mbali, kompyuta yao inaulizana na boksi. Yaani chombo chao kimekiuliza chombo chao kama kiko sahihi, kikajibu ndiyo, wakapiga mhuri wa dhahabu. Mwamba ngozi huvutia kwake, babu zetu walishasema, na hawakuwa na setilaiti.

Sokoni nikinunua parachichi nalibonyeza. Nikinunua maharage natia mkono chini ya gunia, sichukui ya juu. Muuzaji akinikataza kubonyeza, naondoka. Hawa watu walikuwa wameuziwa bidhaa ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuibonyeza, na kwa bidhaa hiyo walikuwa tayari kumzika mtu akiwa hai.

Bwana wa makao makuu akaanza kuangalia simu yake. Akasema, "Mwalimu, tunaheshimu, lakini tusipoteze muda. Rekodi iko wazi. Ametoka saa saba na dakika kumi usiku."

"Na aliingia saa ngapi?"

"Hilo halihusiani."

"Nisomee tu, baba. Nifurahishe."

Akatazama. "Aliingia kumi na mbili na nusu. Saa sita na nusu mchana."

"Zamu ya usiku inaanza jioni. Alifuata nini saa sita mchana?"

Akafikiri kidogo. "Aliwahi."

Aliwahi! Mbele ya macho yangu, mtu mzima, amesoma mpaka chuo kikuu, anasema nesi wa zamu ya usiku aliwahi kazini tangu mchana wa jua kali. Wifi mwenyewe akainua kichwa. "Mimi niliingia saa kumi na mbili na nusu jioni," akasema taratibu. "Niliiona kwenye mashine. Iliandika kumi na mbili na nusu. Na asubuhi iliandika moja na dakika kumi. Saa moja, nilipotoka."

Nikamwambia bwana wa makao makuu aachane na jina la wifi, anisomee la daktari, leo. Daktari akashtuka. Bwana akabonyeza bonyeza, akasoma, "Daktari ameingia leo 04:05. Saa kumi na..."

"Malizia," nikasema.

"Saa kumi na dakika tano usiku."

Daktari akatazama saa yake ya mkononi, akamtazama yule bwana. "Nimeingia sasa hivi," akasema. "Mmeniona nikiingia. Saa nne na dakika tano, asubuhi hii."

Bwana wa saa akakikunja cheti chake.

Nadhani msomaji ameshaelewa, ila nieleze, nisije nikaambiwa nimeficha. Sisi tunahesabu saa tangu kunapokucha. Jua likitoka tunaanza moja. Mzungu anaanza kuhesabu usiku wa manane. Mtoto wa chekechea hapa kwetu anajua kwamba kati ya saa yetu na saa ya Mzungu kuna saa sita, na kila siku tunavuka kutoka hii kwenda ile bila hata kufikiri. Simu inaonyesha saba, mdomo unasema moja. Wafanyakazi wa Mpanda walikuwa wanaona pale mlangoni saa ya Kiswahili, wakairidhia, kwa sababu ndiyo saa waliyoizungumza. Makao makuu walikuwa wanaona tarakimu hizo hizo, wakazisoma Kizungu. Asubuhi ya wifi ikawa usiku wa manane wa Dar.

"Nani aliigeuza hii mashine iwe ya Kiswahili?" nikauliza.

Bwana wa saa alikuwa amelegea shingoni. Akasema wateja wa mikoani walilalamika kwamba saa za ukutani zinawachanganya, wakaomba za Kiswahili, wao wakaona ni huduma nzuri kwa wateja.

"Mliigeuzaje?"

"Mafundi waliirudisha nyuma."

"Kwa njia gani? Mtambo una sehemu ya Kiswahili?"

"Hauna. Kwa hiyo... walichagua eneo jingine. Nchi ambayo iko nyuma yetu kwa saa sita."

"Nchi gani?"

Akasema kwa sauti ndogo sana. "Brazili."

Daktari akaangua kicheko. Alicheka mpaka akafuta machozi, na hata bwana wa makao makuu midomo ilimcheza. Mimi sikucheka. Kila mwaka nawafundisha kidato cha pili kuzidisha nyuzi kumi na tano kwa saa sita, wanapata tisini, wanahesabu kwenda magharibi, wanavuka Kongo, wanavuka bahari. Wanapata maksi zao wanaenda kula. Hawa walikuwa wameihamisha hospitali nzima, na wagonjwa wake na vitanda vyake, wakaipeleka Amerika ya Kusini, halafu wakaja kuapa kwamba haijapotea hata sekunde. Na walisema kweli! Sekunde zilikuwa sawasawa. Dakika zilikuwa sawasawa. Walichopoteza ni saa yenyewe, na hawakuwa na habari, kwa sababu ukaguzi wao ulikuwa unaangalia sekunde tu.

Bwana wa saa akajikaza, akasema, "Kitaalamu, saa haikukosea. Hii ni changamoto ya mpangilio wa eneo. Mkataba wetu unahusu usahihi."

Ebo! Nikasimama. Nilisema mengi na sitayaandika yote, mengine ni ya aibu kwa mwalimu. Nilimwambia kwamba usahihi unaomsingizia mtu kifo cha mtu mwingine akautafutie jina jingine. Nilimwambia bwana wa makao makuu kwamba alikuwa na mlinzi, alikuwa na daktari, alikuwa na nesi wa asubuhi, binadamu watatu wenye macho, na wote aliwaita waongo ili boksi liwe kweli. Nikamwambia daktari acheke vizuri, maana yeye ndiye aliyeweka saini kumsimamisha mtu aliyemkuta kazini kwa macho yake. Daktari akaacha kucheka. Wifi akanishika mkono akasema, "Kaa, wifi. Kaa, mama." Nikakaa.

Tukadhani yameisha. Baada ya siku kadhaa wakamwita, wakamkabidhi barua. Nikaisoma mimi, kwa sababu yeye mikono ilikuwa na unga. Ilisema kwamba baada ya kutafakari kwa kina, uongozi umeamua kumsamehe na kumrejesha kazini.

Kumsamehe!

Nikauliza kwa sauti pale jikoni, kamkosea nani huyu mpaka asamehewe? Anayesamehewa ni mwenye kosa. Walipaswa wao waje wapige magoti, wamwombe yeye msamaha, na yeye aamue kama anao. Nikataka kuichana. Wifi akaichukua kwa vidole vyake vyenye unga, akaikunja, akaiweka juu ya kabati. "Watoto wanataka ada, wifi," akasema. "Neno lao niwaachie wao. Mimi nataka kujua jambo moja. Yule kijana wameshamwambia?"

Nikaenda kuuliza. Daktari akanipokea kwa heshima zote, akanipa kiti, akasema familia itajulishwa kwa utaratibu. Utaratibu gani? Makao makuu wanaandaa. Lini? Hakujua. Nikamuuliza, mbona kumwambia kwamba nesi ana hatia hamkungoja utaratibu? Akaanza kupanga kalamu zake mezani. Ile kampuni ya saa, nikasikia, ilikuwa imeleta cheti kipya.

Nikarudi nikamwambia wifi, vaa viatu.

Tulipanda pikipiki moja, mshikaki, mimi katikati kati ya dereva na wifi kwa sababu mimi ndiye mnene. Njia ya Sibwesa ilikuwa matope mvua zikiwa zimekolea, mahindi yamesimama pande zote, na mara mbili tulishuka tukatembea, ambapo wifi alinipita kwa mbali na miguu yake ya Mwese akaanza kunicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu yaanze. Tulipoona boma lenyewe, zizi kubwa la miti na nyumba za bati nyuma yake, kicheko kikamwisha. Akasimama. Akasema, "Akinifukuza?"

"Akikufukuza tutafukuzwa wote. Twende."

Yule kijana alitukuta mlangoni mwa zizi. Alipomtambua wifi akakunja uso. Lakini Wasukuma hawamfukuzi mgeni aliyekwisha kanyaga uwanja, na mimi nilikuwa nimejitambulisha kama mwalimu, basi akatoa vigoda tukakaa. Nikamweleza. Sikutumia maneno ya setilaiti. Nikamwambia, "Kijana wangu, walisoma saa moja ya asubuhi wakadhani ni saa saba ya usiku. Ni hilo tu. Saa yao ilikuwa inasema Kiswahili, wao wakaisoma Kizungu. Huyu hakutoka."

Alikuwa anachora ardhi kwa ncha ya fimbo.

"Kwa hiyo alikuwepo," akasema.

"Alikuwepo."

"Mpaka mwisho?"

Akamgeukia wifi mwenyewe sasa, mara ya kwanza. Wifi akasema, "Nilikuwepo, kaka. Kifua kilimbana ghafla, sikuweza kumwachia mkono nije kukuita. Nisamehe kwa hilo." Na msamaha huo, kwa kuwa aliuomba mwenyewe na kwa mtu aliyestahili kuombwa, sikuwa na la kusema. "Aliniuliza kama kumekucha. Nikamwambia karibu. Akasema kuna maneno nikupe. Nilitaka kukupa asubuhi ile, mkawa mnalia, mkaondoka na gari. Halafu sokoni hukunisubiri."

"Maneno gani?"

"Alisema nikwambie usifungue ng'ombe mapema. Usubiri umande ukauke."

Kijana akatoa sauti, sijui niiite kicheko. Akaifunika kwa kiganja. Akasema kila asubuhi ya maisha yake baba yake alimgombeza kwa jambo hilo hilo, toka akiwa mdogo anachunga ndama. Alisema, "Huyo ni baba. Huyo ni baba kabisa." Mabega yalikuwa yanamtikisika, na wifi akasogeza kigoda chake akakaa karibu naye, akimngoja, bila kumgusa.

Mimi hasira ilinipanda upya hapo hapo, mbaya kuliko ya kikaoni. Siku zote zile maneno ya mwisho ya mzee yalikuwa yamekaa kwa nesi, yakingoja mwenyewe, na kampuni yenye mhuri wa dhahabu ilikuwa imesimama katikati ikiapa kwamba hapakuwa na mtu wa kuyasikia.

Kijana akafuta uso kwa mkono wa shati. Akatazama ile nyumba ya nyuma, mlango wake umefungwa nusu.

"Mama yangu nilimwambia mzee alikufa peke yake," akasema. "Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia. Hajatoka humo ndani tangu siku hiyo."

Akainuka, akaacha fimbo yake chini, akaingia. Tukamsikia akianza kumweleza kwa Kisukuma, polepole, akirudia rudia, na katika yote aliyosema neno moja tu nililielewa, nalo lilikuwa "nesi."